Nyanya na Mnara wa Simu

Mnara wa simu ulichomoza shambani kwa jirani yetu mwaka wa 2021, nami nikiwa darasa la sita. Ulikuwa mrefu ajabu, na taa nyekundu ikikonyeza kileleni usiku kucha. Vijana walishangilia, kwani kabla ya hapo ulilazimika kupanda kichuguu na kunyoosha mkono juu kama anayeomba mvua ndipo upate mtandao. Nyanya ndiye aliyenuna. Jiko lake lilikuwa hatua sitini tu kutoka pale.

Haikupita muda nyanya akaanza kulalamika. "Mjukuu wangu, kichwa kinanigonga kama ngoma. Kile chuma kitanimaliza!" Akina mama wa chama wakaja kumpa pole, kila mmoja na lake: nyuki wamehama, kuku hawatagi, ng'ombe wa fulani ameharibu mimba. Baba na jirani wakawa paka na panya. Ikawa wanasalimiana kwa kikohozi.

Nilipoingia kidato cha pili nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia. Alinieleza kuwa mawimbi ya mnara ni ndugu ya yale ya redio, hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili kama miale ya eksirei. Umbali ukiongezeka maradufu, nguvu yake hubaki robo. Tena antena huyarusha mbele kama mwangaza wa tochi, si miguuni pake.

"Lakini mwalimu, si walisema yanaleta saratani?"

Akacheka. Ni kweli kwamba mwaka wa 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi hayo katika kundi la 2B, yaani huenda yakadhuru. Hofu yao hasa ilikuwa simu inayobandikwa sikioni kwa saa nyingi. Na katika kundi hilo hilo baadaye waliingiza maji ya jani zima la mshubiri. Lo! Nyanya hunywa shubiri kila asubuhi! Uingereza nako, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 uliwachunguza watoto wadogo 1,397 wenye saratani, na haukuona kwamba kuzaliwa karibu na minara kulihusika.

Likizo ilipofika nilimsimulia nyanya yote hayo. Akaniangalia kwa jicho la upande. "Hao Wazungu ndio wenye kichwa changu?"

Nilimbembeleza siku tatu twende zahanati. Daktari alipompima alitikisa kichwa: presha ilikuwa 190 kwa 110. Miaka minne tuliulaumu mnara, mimi pia, na hakuna aliyewaza kumpeleka kupimwa. Nikikumbuka hilo mwili hunisisimka.

Hata hivyo, msimcheke nyanya. Stima ikipotea, jenereta ya pale hunguruma hadi alfajiri na moshi wa dizeli huingia jikoni mwake moja kwa moja. Hilo alilisema tangu siku ya kwanza, ila sisi sote tulikuwa tukipiga kelele kuhusu mawimbi. Baba ameandika barua juu ya moshi huo. Jibu bado.

Siku hizi nyanya humeza vidonge vyake kila siku, na kichwa kimetulia. Lakini mto wake ameuhamishia upande wa pili wa kitanda, mbali na mnara. Na jioni akinituma nimpigie shangazi, mtandao ukikatika hunigombeza mimi: "Sasa huo mnara wenu ni wa nini?"