Mti uliogeuka jiwe, na dhahabu ambayo mwenzetu hakuipiga picha

Sisi tuliokulia Djugu, Mongbwalu na Bunia, neno "madini" hatukulijulia shuleni. Tulilisikia nyumbani, na mara nyingi lilikuja na habari mbaya: fulani amefunikwa na shimo, fulani kanyang'anywa njiani, kijiji fulani chote kimekimbia usiku. Kwa hiyo kikundi chetu cha vijana hapa Kyangwali kilipopanga safari ya Entebbe kwenda kuona makumbusho madogo ya mawe, si wote walifurahi. Mama mmoja jirani yetu alituuliza, "Watoto yangu, dhahabu iliwafukuza kwenu, sasa munaenda kuisalimia?" Tulicheka, lakini ndani ya takisi, kutoka Hoima mpaka Kampala, tulikuwa bado tunabishana juu ya swali lake.

Makumbusho yenyewe ni ya idara ya serikali ya Uganda inayoshughulika na jiolojia na madini. Kazi ya kupima miamba ya nchi hii ilianza mwaka 1919, wakati wa Waingereza, na mkuu wake wa kwanza aliitwa E. J. Wayland. Usitegemee jumba kubwa. Ni mahali padogo, kuna makabati ya vioo, mawe yamepangwa kwa safu, na vikaratasi vyenye majina. Nyabo aliyetupokea ni mtu wa kazi hiyo hasa, si wa kufungua mlango tu. Aliongea Kiingereza pole pole na wenzetu wawili wakatutafsiria.

Kitu cha kwanza kutushangaza kilikuwa kipande cha mti. Ukikiangalia unaona maganda, unaona nyuzi za mbao, hata fundo pale tawi lilipotokea. Mmoja wetu, fundi seremala, akasema, "Hii iko muti kabisa! Hii naweza kupiga randa." Nyabo akamwambia akinyanyue. Alikishika kwa mkono mmoja, kikamshinda, akaongeza wa pili. Kilikuwa jiwe tupu.

Tulitaka kujua inakuwaje. Nyabo akaeleza hivi. Mti ukianguka na kubaki juani au kwenye majani, unaoza, mchwa na kuvu wanaumaliza. Lakini ukifunikwa upesi na matope ya mto au majivu ya volkano, hewa haifiki na kuoza kunachelewa sana. Maji yanayopita ndani ya udongo yanabeba silika, ile ile inayotengeneza mchanga na kwatzi. Silika inaingia kwenye vitundu vidogo vya mbao, inajaza, inaganda, na mbao yenyewe inaondoka kidogo kidogo. Mwishowe umbo la mti linabaki, mwili wake ni jiwe. Rangi zinatokana na vitu vilivyokuwa ndani ya maji: chuma kinaleta wekundu na manjano, manganisi inaleta weusi au zambarau.

Fundi wetu hakuamini mpaka alipopewa kisu cha zamani na kipande kidogo cha kujaribia. Kisu hakikuacha alama. Nyabo akatuambia kuna kipimo cha ugumu kilichopangwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, kuanzia 1 mpaka 10. Talki, ile inayosagwa kuwa poda ya watoto, ni 1. Ukucha wako ni kama 2.5. Kisu cha kawaida ni kama 5.5. Kwatzi ni 7, na almasi ni 10. Mti uliojaa kwatzi unakikwaruza kisu, si kisu kinachoukwaruza. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa anajaribu kukwaruza kitu.

Halafu tukafika kwenye visukuku vya Kaiso, na hapo kelele zikapungua.

Kaiso ni kijiji cha ufuo wa mashariki wa Ziwa Albert. Wengi wetu tulivuka ziwa hilo mwanzoni mwa 2018, kwenye mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, tukashukia Sebagoro, kwenye ufuo huo huo. Mwezi wa pili kipindupindu kikatukuta tukiwa bado hatuna hata vyoo. Ukitutajia ufuo ule, hayo ndiyo tunayoyaona. Kumbe katika miaka ya 1920 Wayland na wenzake walikuwa wanaokota pale mawe yenye umbo la konokono wa majini, mifupa ya samaki, ya viboko na ya tembo, yote yamegeuka jiwe. Ni ya zaidi ya miaka milioni 2. Tulisimama mbele ya makombe yale, mengine hayazidi ukucha wa kidole gumba, na dada mmoja akasema, "Tulikanyaga juu yao hatukujua."

Nyabo akachora kwenye karatasi. Zamani sana, alisema, hapakuwa na Ziwa Albert na Ziwa Edward kama tunavyoyajua leo. Kulikuwa na ziwa moja refu ndani ya bonde la ufa, ambalo wataalamu wanaliita Obweruka. Milima ya Ruwenzori ilipozidi kupanda, ziwa lile likagawanyika. Leo mto Semliki unatoka Ziwa Edward, unapita upande wetu wa Kongo, unaingia Ziwa Albert. Ndiyo maana visukuku vinapatikana pande zote mbili, kwetu na kwao. Hata miti iliyogeuka jiwe imeokotwa bonde la Semliki upande wa Kongo. Na Ishango, pale Semliki inapoanzia, ndipo mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alipochimbua ule mfupa wenye mistari iliyochongwa kwa makundi, kama mtu aliyekuwa anahesabu. Una umri wa miaka kama 20,000. Uko Brussels. Wenzetu wa upande wa Beni walikuwa wamesikia jina la Ishango kama mbuga tu. Habari ya mfupa hawakuwa nayo.

Matope ya maziwa ya kale ndiyo pia yaliyozaa mafuta wanayoyatafuta sasa chini ya Ziwa Albert. Viumbe vidogo sana vya majini vilikufa, vikazikwa, vikapikwa na joto la ardhini kwa mamilioni ya miaka. Uganda ilithibitisha mafuta yake mwaka 2006, na eneo moja la uchimbaji, Kingfisher, haliko mbali na kambi yetu. Malori yanayotutimulia vumbi barabarani, sasa tunajua yanafuata nini.

Kabati la mwisho lilikuwa la madini. Kulikuwa na shaba, kama ile iliyochimbwa Kilembe, Kasese, kuanzia 1956. Kulikuwa na kasiteriti, jiwe la bati, jeusi na zito, na nyabo akatueleza kwamba mkanda mmoja wa miamba wenye bati na koltani unapita Kongo, Rwanda, Burundi, Tanzania mpaka kusini-magharibi mwa Uganda. Na kulikuwa na dhahabu, chembe ndogo tu ndani ya kwatzi nyeupe.

Simu zote zikatoka. Dada mmoja wetu akarudi nyuma, akaenda kusimama dirishani. Kaka yake alifia shimoni Mongbwalu. Hatukumsemesha.

Pembeni kulikuwa na jiwe lingine linalong'aa kuliko dhahabu yenyewe. Hilo ni pairiti, wanaloliita dhahabu ya wajinga. Nyabo akatufundisha kutofautisha. Sugua jiwe kwenye kigae kisicho na rangi ya kung'aa: dhahabu inaacha mstari wa manjano, pairiti inaacha mweusi wa kijani. Gonga kwa nyundo: dhahabu inabonyea, pairiti inapasuka. Pima uzito: ujazo wa lita 1 ya maji ni kilo 1, pairiti ya ujazo huo ni kama kilo 5, dhahabu ni zaidi ya kilo 19. Mmoja wetu aliyewahi kuosha mchanga mtoni alisema angeyajua hayo miaka sita iliyopita, wanunuzi wasingemchezea vile walivyotaka.

Hapo ndipo mwenzetu wa Senior 6 alipotangaza kwamba anataka kuomba nafasi Makerere asome jiolojia. Basi, mjadala ukawaka. Mmoja akamwambia, "Yaani vitu vilivyotuua, wewe unataka kuvisomea?" Akajibu, "Dhahabu ya Kilo ilijulikana kwa wazungu tangu 1903. Zaidi ya miaka 100 sisi tunachimba, wengine wanasoma ramani. Tukikataa kusoma, vita vitaisha?" Mwingine akasema shida si elimu, shida ni bunduki, hata ukiwa profesa, mwenye bunduki anachukua shimo. Na huyo naye tuliona anasema kweli.

Nyabo hakuingia kwenye siasa zetu. Alingoja tukapoa, akauliza kitu kimoja tu: kwenu dhahabu mnaisafishaje? Tukamwambia, kwa zebaki. Unachanganya, inashikana na dhahabu, unaweka motoni, zebaki inaruka, dhahabu inabaki. "Mnachomea wapi?" Dada aliyekuwa dirishani ndiye aliyejibu, bila kugeuka: "Jikoni. Kwenye kijiko. Na watoto wamekaa pale wanaota moto."

Nyabo akaeleza polepole kwamba zebaki haipotei. Inakuwa hewa isiyoonekana, mtu anaivuta, inaharibu mishipa ya fahamu na figo. Mikono inatetemeka, usingizi unakosekana, kumbukumbu inapungua. Mama mjamzito akiivuta inamfikia mtoto tumboni na kuumiza ubongo wake. Ikiingia mtoni, viumbe vya majini vinaibadilisha kuwa sumu kali zaidi, samaki wanaila, sisi tunawala samaki. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mkataba wa Minamata mwaka 2013 kupunguza matumizi yake. Njia salama zaidi zipo: kuichuja dhahabu kwa maji na uzito wake peke yake, au kama zebaki lazima itumike, kuchomea nje mbali na watu, ndani ya chombo kinachofunikwa kinachoirudisha zebaki isiruke.

Dada yetu akaja mezani. Kwa karibu nusu saa yeye ndiye aliyeuliza maswali: kama kutetemeka kwa mikono kunapona, kama nguo za mchimbaji zinaweza kumdhuru anayezifua, kama mtoto aliyezaliwa tayari anaweza kupimwa. Kuna aliyejibiwa naye moyoni, tuliona. Mengine nyabo alimwambia aulize hospitali, akamwandikia jina la kipimo kwenye karatasi. Dhahabu hakuipiga picha mpaka tunatoka. Karatasi aliikunja akaiweka kwenye Biblia yake.

Tukiwa tunakula rolex stendi, mjadala uliendelea, na mpaka leo haujaisha. Wengine bado wanasema madini ni laana. Wengine tunasema laana ilikuwa kuchimba kitu usichokijua, kwa faida ya anayekijua, na moshi wake ukabaki na watoto wako. Mwenzetu wa Senior 6 ameshajaza fomu. Ada hatujui itatoka wapi, tunatafuta mfadhili pamoja naye. Na dada yetu amekwenda kwa akina mama watatu waliowahi kuishi na wachimbaji, kuwaeleza habari ya zebaki kwa lugha yetu, bila makaratasi.

Kikundi kimeanza sanduku la mawe. Nyabo alituambia jiwe lisiloandikwa mahali lilipookotwa limepoteza nusu ya habari zake. Kwa hiyo ukienda ziwani au bondeni ukaokota kitu chenye umbo la kombe, mfupa au mbao, piga picha kabla hujakigusa, andika mahali, tarehe na nani aliyekiona. Ukiona mfupa mkubwa ungali ardhini, usiuchimbue, tuambie kwanza tuwaarifu wenye kazi yao. Jumamosi saa nane tunakutana chini ya mwembe, kila mtu aje na jiwe moja na msumari wa kukwaruzia.