Siku Tatu Bujumbura: Kupanga ni Kuchagua



Wenzenu sita waliniomba niwasaidie kupanga safari fupi ya Bujumbura: wafike Alhamisi jioni, waondoke Jumatatu asubuhi. Orodha waliyoniletea ilikuwa ndefu kuliko siku zenyewe. Walitaka kuliona jiwe la Livingstone na Stanley, viboko wa Mto Rusizi, ngoma za Gishora, chanzo cha Nile kule Rutovu, na kuoga katika Ziwa Tanganyika. Nikawaambia kuwa kupanga ni kuchagua. Kila tunachokiweka katika orodha hukifukuza kingine, na aghalabu kinachofukuzwa ni watu.

Rutovu niliiondoa kwanza. Piramidi ndogo iliyojengwa huko mwaka 1938 ina historia nzuri, lakini kwenda na kurudi kungetumaliza siku nzima barabarani. Tena, mafuta ya gari yamekuwa adimu Burundi katika miaka ya karibuni. Si uungwana mgeni ateketeze mafuta kwa ajili ya picha moja ilhali mwenyeji anapanga foleni ili mgonjwa wake afike hospitali.

Nafasi iliyopatikana niliijaza kwa Buyenzi. Mwanafunzi mmoja alipinga kwa adabu: “Mwalimu, Buyenzi kuna nini cha kutazama?” Nikamjibu kuwa huko hatuendi kutazama, tunakwenda kusikiliza. Karibu Warundi wote huzungumza Kirundi, na hilo ni jambo la nadra barani Afrika. Lakini Buyenzi, mtaa wa kale wenye misikiti, mafundi wa magari na wachuuzi wa kila namna, umekilea Kiswahili kwa vizazi vingi. Kwa muda mrefu jina “Mswahili” lilitamkwa Burundi kwa dharau, kana kwamba ni jina la mjanja asiye na kwao. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na lugha iliyodharauliwa ikawa lugha inayofundishwa shuleni. Kwa hiyo Ijumaa yetu ni ya Buyenzi. Jioni tutapanda kilimani kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Kutoka hapo mji wote huonekana, na nyuma yake ziwa na milima ya Kongo.

Jumamosi ilizua mjadala mwingine. Asubuhi ya siku hiyo Warundi hushiriki kazi za pamoja, kama kusafisha mitaro, kufyeka nyasi na kujenga madarasa, na safari nyingi husimama mpaka kazi iishe. Wanafunzi waliziona saa hizo kuwa zimepotea. Mimi naziona kuwa ndizo saa zenye somo kubwa la uraia katika safari nzima. Wapo raia wanaoziona kazi hizo kuwa fahari ya ujirani. Wapo wanaouliza kama kujitolea kunakoagizwa na serikali bado ni kujitolea. Nimewaomba wasichague upande kabla ya kushika jembe na kuwasikiliza wote wawili.

Mchana tutakwenda Mugere, kama kilomita 12 kusini mwa mji. Jiwe lililoko huko limechongwa majina mawili na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hudhani hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, lakini walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, majuma machache kabla. Safari yao ya kaskazini mwa ziwa ilikuwa na swali moja: je, Rusizi hutoka ziwani au huingia? Walipofika waliona kuwa huingia, na dhana kwamba Tanganyika huulisha Nile kwa njia hiyo ikaanguka. Hata hivyo, waliopiga makasia na kutafsiri maneno, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, hawakuandikwa jiweni. Tutakaposimama pale, nitamwomba kila mmoja aandike aya moja ya Kiswahili kwa sauti ya mpiga kasia.

Jumapili ni ya shamba. Tutapanda milima mpaka Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, kisha Gishora, patakatifu pa ngoma za kifalme. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Katika kikundi chetu yumo binti anayepiga ngoma kwa ustadi. Aliniuliza: “Nitaruhusiwa kupiga?” Sikumficha. Amri ya rais ya Oktoba 2017 ilitamka kuwa upigaji wa ngoma hiyo ni wa wanaume peke yao, ingawa miaka ya kabla yake vilikuwapo vikundi vya wanawake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atakwenda, na atawauliza wenyeji wanaionaje amri hiyo. Nilifurahi. Nilimshauri aanze kwa salamu ya “Amahoro”, aulize baada ya kusikiliza, na asidhani kuwa jibu la mtu mmoja ndilo jibu la taifa.

Mwaweza kuona kuwa viboko wa Rusizi wamebaki nje ya ratiba. Nawaonea huruma waliowatamani. Lakini kiboko hatakuuliza umejifunza nini, ilhali mzee wa Buyenzi atakuuliza, na kwa Kiswahili.

Sasa ni zamu yenu. Chagueni mji mmoja mnaoujua, mwupangie mgeni siku tatu kwa maneno yasiyozidi 200. Mwisho wa ratiba, tajeni jambo moja mliloliacha na sababu yake.