Mtoto Aliyenyamaza Ugenini



Mwezi uliopita, baada ya sala ya jumuiya yetu ya msingi, walinifuata baba na mama vijana wenye watoto wawili wadogo. Mama amepata ufadhili wa masomo huko Ubelgiji, nao wanajiandaa kusafiri wote wanne. Walikuwa wamesikia kwamba mimi na familia yangu tuliishi kule miaka mitatu, tangu Septemba 2007 hadi mwaka 2010, wakaniuliza habari za makoti: je, wayanunue hapa Bukavu, au wangoje wafike? Niliwajibu kwamba wangoje, kwani makoti ya hapa hayaijui baridi ya kule. Waliondoka wameridhika. Mimi nilibaki na aibu kidogo, kwa kuwa jambo lililotutesa sisi halikuwa koti, na hilo sikuwaambia. Ninaliandika sasa, kwa ajili yao na kwa ajili ya wengine ambao watoto wao wanafungiwa mizigo ya safari.

Kwetu pia ni mama wa watoto aliyepata nafasi. Yeye ni mtaalamu wa kilimo, na alikubaliwa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain-la-Neuve. Mimi niliomba ruhusa ya kuacha kwa muda kazi yangu ya kuwaandaa vijana kwa ualimu, nikamfuata pamoja na binti yetu wa miaka sita na mdogo wake ambaye alikuwa karibu kutimiza miaka mitatu. Mama yangu mzazi hakupendezwa. Alisema hajapata kuona mwanaume anayebebwa na mkewe kama mkoba. Nilicheka, lakini neno hilo lilisafiri nami, na nililisikia tena kila alasiri nilipokuwa nikisimama langoni mwa shule kati ya akina mama wa kizungu, nikingoja watoto watoke.

Mji wenyewe ni mchanga kuliko mimi. Wazee wetu waliosoma Lovanium, pale Léopoldville, wanakumbuka kwamba chuo hicho, kilichofunguliwa mwaka 1954, kilikuwa mtoto wa Louvain ya Ubelgiji. Sasa, Louvain hiyo ya kale imo katika nchi ya Waflandria, na mwaka 1968 ugomvi wa lugha ulikua hata serikali ikaanguka. Wanaosema Kifaransa walitakiwa kuhama. Ndipo wakajijengea mji mpya katikati ya mashamba. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1971. Katikati yake magari hayapiti, na treni husimama chini ya miguu ya watu wanaotembea juu. Nilipoisoma habari hiyo niliiona kuwa mambo ya wenyewe. Sikujua kwamba mji uliozaliwa na ugomvi wa lugha ungeleta ugomvi huohuo mezani kwangu.

Siku za kwanza zilikuwa za karatasi. Mgeni hujiandikisha kwenye komini, kisha polisi wa mtaa huja nyumbani kuhakikisha kwamba kweli anaishi pale alipotaja. Tulikuwa tumeambiwa, lakini watoto hawakuambiwa. Kengele ilipolia, binti yangu aliona sare kupitia dirishani, akamshika mdogo wake mkono, wakajificha chini ya meza. Wasomaji wa Bukavu hawahitaji maelezo. Juni 2004, wanajeshi walipouteka mji wetu, msichana huyo alikuwa na miaka mitatu, na alilala chini ya kitanda siku kadhaa. Sisi tulidhani amesahau. Yule polisi alitazama jina kwenye kengele, akatazama hati zetu, akatutakia siku njema, akaenda. Hakukaa hata dakika tano. Binti alitoka baada ya muda mrefu, akauliza: “Papa, hakuchukua kitu?” Nilimjibu kwamba hakuchukua. Akauliza tena kama atarudi usiku.

Mengine yalitufundisha kwa kuchekesha. Sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza, na hapa kwetu karibu na ikweta jua halijawahi kutudanganya. Kule, mwezi wa Desemba, saa moja ya asubuhi ni usiku, na kabla ya saa kumi na moja za jioni giza limerudi. Mwezi wa Juni jua hutua karibu saa nne za usiku, na mtoto anayelazwa mchana kweupe huona kwamba anaadhibiwa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba tulifika Misani saa nzima kabla ya wengine, kwa maana nchi yote ilikuwa imerudisha saa nyuma, nasi hatukuwa na habari. Paroko alitukuta mlangoni tukitetemeka, akatupa kahawa. Halafu kulikuwa na mkate. Saa sita za mchana watoto wa shule hula vipande vya mkate baridi walivyobeba kibokisini, wala hakuna anayeona kuwa ni unyonge. Mama wa watoto alilia siku ya kwanza alipofunga mkate huo, kana kwamba amewanyima wanawe bugali. Wao waliumaliza wote. Nchi yenyewe, baada ya uchaguzi wa Juni 2007, ilikaa siku 194 bila kuunda serikali mpya, na treni hazikusimama hata siku moja. Hilo niliwaandikia ndugu zangu, nao hawakuniamini.

Jambo moja halikuchekesha. Tarehe 6 Desemba ni sikukuu ya Mtakatifu Nikola, naye hupita shuleni akigawa pipi na machungwa. Kwa desturi ya wakati ule aliandamana na mtu aliyepakwa weusi usoni, mwenye fimbo ya kuwatisha watoto wakaidi. Binti yangu alirudi na pipi zake, hakuzila. Aliniuliza: “Papa, yule wa fimbo ni mtu wa kwetu?” Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na nimeulizwa habari za Utatu Mtakatifu na za mateso ya wasio na hatia, lakini sijawahi kukosa jibu kama siku ile. Nilimwambia kwamba Nikola mwenyewe hakuwa Mbelgiji, bali askofu wa Mira, katika nchi ambayo leo ni Uturuki; naye pia ni mgeni pale. Aliniangalia kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa mti.

Sasa niseme habari ya mdogo wake.

Mvulana huyu hapa Bukavu alikuwa msemaji. Aliamka akisema, alilala akisema. Tulimpeleka katika darasa la watoto wadogo, ambalo kule hupokea mtoto tangu miaka miwili na nusu bila karo, naye akanyamaza. Septemba nzima hakusema neno shuleni. Oktoba vivyo hivyo. Alicheza, alipanga viatu vyake, alitii kila aliloambiwa, lakini mdomo aliufunga. Novemba mwalimu wake alituita. Alikuwa mama mpole, na alimpenda mtoto wetu. Sina sababu ya kumsema vibaya. Alituuliza tunazungumza lugha gani nyumbani. Tulipomjibu, alisema kwamba tunamchanganya mtoto, na kwamba kwa faida yake ni heri tuache Kiswahili kabisa, tuzungumze Kifaransa tu mpaka afunguke.

Mimi ndiye niliyekubali. Mke wangu alinyamaza njia nzima. Mimi ni mwalimu, na mwalimu humheshimu mwalimu mwenzake. Tena Kifaransa ninakijua, nimekifundishia miaka mingi. Jioni ile nilitoa amri mezani. Na kwa kuwa nilitaka mambo yawe kamili, hata sala ya jioni tuliihamisha.

Ilichukua majuma machache nitambue kilichotokea. Nyumba ilipoa. Kifaransa changu ni cha ubaoni: ninaweza kueleza kwacho kanuni na historia, lakini sina neno lake la kumbembeleza mtoto aliyeota ndoto mbaya. Mama wa watoto, ambaye alikuwa akiwasimulia kila usiku habari za sungura na fisi, aliacha, kwani fisi wa Kifaransa hakuwa na ujanja wowote. Bibi yao alipopiga simu kutoka Bukavu, mvulana alisukuma simu mbali. Shuleni bado hakusema, na sasa hata nyumbani alianza kuonyesha kwa kidole. Binti naye alijifunza haraka mno. Alifika mahali pa kusahihisha matamshi ya mama yake mbele ya wageni, na mama yake aliacha kusema mbele ya wageni. Basi walikuwa wawili waliofunga midomo, nami nikaendelea kuamini kwamba dawa ni chungu kwa sababu inafanya kazi.

Mwezi wa Februari tulimpeleka mtoto kupimwa. Upande wa Ubelgiji unaosema Kifaransa kuna ofisi iitwayo ONE ambayo huwaangalia watoto bure mpaka miaka sita: huwapima uzito, huwachanja, huwaandikia matone ya vitamini D, na hasa hawasahau watoto wenye ngozi nyeusi, kwa kuwa jua lile halitutoshi. Daktari, mama mzee aliyekuwa karibu kustaafu, alimtazama mtoto kwa kitambo, kisha akatugeukia na kuuliza swali ambalo hatukulitarajia: “Ninyi wawili, mkigombana, mnagombana kwa lugha gani?” Mke wangu alijibu kabla yangu: kwa Kiswahili. “Basi,” akasema, “hiyo ndiyo mumpe mtoto.”

Alitueleza kwamba watoto wengi wanaoingizwa katika lugha mpya hukaa kimya kwa miezi, na kimya hicho si ugonjwa. Sikio linafanya kazi wakati mdomo unangoja. Lugha ya pili, alisema, hujengwa juu ya ile ya kwanza, nasi tulikuwa tumeubomoa msingi ili tuharakishe kuta. Kifaransa atakipata shuleni na uwanjani, tena kizuri kuliko chetu. Nyumbani apewe kile ambacho shule haiwezi kumpa.

Tulitoka pale, mke wangu akaanza kusema Kiswahili na mtoto hapo hapo barabarani, kwa sauti. Mimi nilitembea nyuma yao. Nilikuwa nikikumbuka kipande cha ubao.

Wenye umri wangu wanakijua. Tulikiita symbole. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili au Mashi uwanjani alivalishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amshike mwenzake katika kosa hilohilo. Nilikivaa nikiwa mtoto. Nilipokuwa mwalimu kijana niliwavalisha wengine, na sikumbuki kwamba nililala vibaya hata usiku mmoja kwa ajili hiyo. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na mimi nilikuwa nimeifundisha ibara hiyo. Mwalimu yule wa Ubelgiji hakumvalisha mwanangu kitu. Mimi ndiye niliyemvalisha, mezani, mbele ya mama yake.

Jioni ile tulisali Baba Yetu kwa Kiswahili. Mvulana hakusema, lakini alitazama mdomo wa mama yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nimewahi kufikiri habari za Familia Takatifu kule Misri. Mwinjili hatuambii Mtoto alisema nini na watoto wa Wamisri, wala Yosefu, ambaye alikuwa fundi na bila shaka alihitaji kazi, alielewana vipi na wateja wake. Lakini ndani ya nyumba nadhani walisema ya kwao.

Fisi na sungura walirudi. Siku moja katikati ya Machi, mama yao, akiwa amechoka na mitihani, alichanganya hadithi, akasema sungura ndiye aliyeanguka shimoni. Kutoka kitandani sauti ikasema: “Hapana, ni fisi.” Mke wangu hakuthubutu kugeuka. Aliendelea kusimulia, akakosea tena kwa makusudi, akasahihishwa tena. Juma la Pasaka lilipopita, mwalimu alituambia kwa furaha kwamba mtoto amesema shuleni pia. Alikuwa akigombania baiskeli, na alisema sentensi nzima ya Kifaransa, isiyo na kosa: kwamba baiskeli ni yake na zamu ya mwenzake imekwisha. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba tulikuwa tumeuacha ushauri wake.

Tulirudi mwaka 2010, kupitia Kigali, tukavuka mpaka pale Rusizi. Askari wa forodha alimwuliza mvulana jina lake, naye akamjibu kwa Kiswahili cha bibi yake, akaongeza na habari ambazo hakuulizwa, mpaka foleni yote ikacheka. Bibi mwenyewe alimshika mashavu akamsikiliza mchana kutwa. Kwangu hakurudia neno la mkoba.

Septemba tulimwandikisha katika shule moja ya mjini. Juma la pili alirudi nyumbani mchana na kipande cha ubao kifuani, chenye uzi. Hakuwa amelia. Alidhani ni zawadi, au kazi ya mikono. Aliniuliza: “Papa, hii inafanya nini?”

Niliuliza jina la mwalimu wake. Alikuwa kijana niliyemwandaa kwa ualimu mimi mwenyewe, kabla ya safari, na nilikuwa nimempa alama nzuri. Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilivaa lile koti la Ubelgiji, nikakitia kile kipande cha ubao mfukoni, nikaenda shuleni kumwomba msamaha kwanza, kabla sijamwambia lingine lolote.