Dhahabu na Zebaki

Hapa Masumbwe twaishi kati ya wachimbaji wa dhahabu. Mchimbaji akisha kusaga mawe na kuyaosha, hutia zebaki ishike chembe za dhahabu, akapata donge jeupe, zito mkononi. Lakini thamani yake haijulikani mpaka lichomwe, zebaki itoke kwa moshi. Kinachosalia ni kidogo kuliko alichokishika.

Sisi tulibatizwa tungali wachanga, tukasomeshwa na misheni, na kila Jumapili twafundisha watoto. Tulidhani donge letu ni dhahabu tupu.

Jirani yetu ni mjane mzee mwenye macho mekundu. Amepika kwa kuni miaka mingi katika nyumba isiyo na dirisha. Sababu ni moshi, nasi twaijua. Lakini katika nchi hii ya Shinyanga na Geita macho mekundu yamewaponza wanawake wazee wengi: wameitwa wachawi, na wengine wameuawa kwa mapanga. Uvumi ulipoanza juu ya mjane huyu, hatukusema neno. Tukaacha kumwamkia. Mtoto wetu alipoleta viazi alivyopewa naye, tukavitupa usiku. Jumapili ile ile tulifundisha habari za Msamaria.

Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini katika Rwanda, walikutana Namirembe. Wote wawili walikuwa Wakristo, lakini walijiona wamepungukiwa, wakatafuta pamoja katika Biblia. Uamsho uliotokea baadaye ulifika Katoke, magharibi ya Ziwa Victoria, mwaka 1939. Nao haukuwagusa wapagani tu. Waliobatizwa zamani waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba.

Tulipoyatafakari hayo tuliona haya. Tukaenda kwa mjane mchana, watu wakiona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umepotea siku nyingi, mwanangu."

Tukaungama habari ya viazi. Akanyamaza kitambo, kisha akatukaribisha jikoni. Moshi ukatutoa machozi, hata macho yetu nayo yakawa mekundu.

Hatusemi kwamba sasa tumetakata. Imani yetu imeonekana kuwa ndogo kuliko tulivyodhani. Twaomba tu Mungu asichoke kuichoma, nasi tusimwache mama huyu peke yake uvumi utakaporudi. Nawe, ndugu msomaji, ni nani jirani usiyemwamkia?