Nusu Saa Kabla ya Chai

Anayekuja kaunta kuomba "dawa ya vidonda" mara nyingi hajapimwa vidonda popote. Usiku alikula chipsi mayai, akalala hapo hapo, saa nane akaamka kifua kinawaka na maji makali yamepanda hadi kooni. Jirani akamwambia hivyo ni vidonda vya tumbo. Sasa yuko mbele yangu, hapa Temeke, mkono mmoja kwenye chembe cha moyo, mwingine umeshika noti ya elfu mbili.

Mimi ni mfamasia. Dawa anayoitaka iko nyuma yangu, na kumpa ni kazi ya sekunde chache. Mwenye duka angefurahi. Lakini kwanza namuuliza maumivu yanakuja lini. Yakija baada ya kula, au akilala chali, au akiinama kupiga deki, na mdomoni akasikia uchachu, hapo tunazungumza asidi: msuli unaofunga njia kati ya koo la chakula na tumbo umelegea, na kilichopaswa kubaki chini kinapanda. Yakija akipanda ngazi au akisukuma mkokoteni, kisha yakatulia akipumzika, siuzi kitu, namwelekeza hospitali. Yakishuka mkono wa kushoto au yakapanda kwenye taya, pamoja na jasho la baridi, natafuta usafiri.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuja adhuhuri.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Nipe ile nyeupe ya chupa, gesi imenibana."

Feni ilikuwa inampuliza yeye, na bado shati limemlowa mgongoni. Ana kisukari, metiformini ananunua kwetu, na kisukari cha miaka mingi kinaweza kufifisha maumivu ya moyo mpaka mwenyewe akayaita gesi. Nilipomnyima alikasirika, akasema maduka yako mengi. Nikaita kijana wa bajaji, nikalipa mimi, akapelekwa hospitali akinung'unika njia nzima. Aliyekuja dukani safari iliyofuata ni mwanawe, na cheti cha kliniki ya moyo: aspirini ya miligramu 75, atovastatini, na nyingine mbili.

Wapo wanaonibishia: mbona nilikunywa ile ya maji kikatulia? Hicho si kipimo. Maumivu ya moyo nayo huja na kuondoka, na yakiondoka dakika tano baada ya kijiko cha dawa, kinachosifiwa ni kijiko.

Tuje kwenye dawa zenyewe. Zile za kutafuna na za maji, za magnesiamu na aluminiamu, zinaizimua asidi iliyokwisha kumwagika tumboni. Zinafanya kazi haraka na kwisha haraka, hasa tumbo likiwa tupu. Ndiyo maana nasema zitumike baada ya chakula na wakati wa kulala. Magnesiamu hulegeza choo, aluminiamu hukifunga, na watengenezaji huzichanganya ili zivutane. Unga wa kuchemka kwenye glasi, kama Eno, umejaa sodiamu, na mwenye presha anayeunywa kila jioni anajirudishia chumvi aliyokatazwa na daktari kwenye mboga.

Omeprazo ni habari nyingine. Ndiyo inayotoka sana dukani, na ndiyo inayomezwa vibaya sana. Yenyewe haigusi asidi iliyopo. Inakwenda kuzifunga pampu zinazoitoa kwenye ukuta wa tumbo, na inazikamata zile tu zinazofanya kazi muda huo. Kinachoziamsha pampu ni chakula. Kwenye damu dawa hii haikai muda mrefu, kwa hiyo inatakiwa iwe imeshafika pampu zinapoamka: nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai ya asubuhi. Mtu anaimeza saa nne usiku, ameshakula, anaingia kitandani, halafu kesho ananiambia dawa siku hizi ni feki. Na siku ya kwanza asitegemee makubwa, maana pampu hazikamatwi zote kwa mara moja; huchukua siku tatu, nne. Ndani ya kapsuli kuna punje ndogo zilizopakwa kinga ili asidi isiziharibu kabla hazijafika kwenye utumbo, kwa hiyo kuzitafuna au kuzitwanga ni kuitupa pesa.

Ramadhani hunipa wateja wengi wa kiungulia, hasa wanaokula daku na kurudi kulala. Kwao ratiba ipo tayari: fungua kwa maji, meza kapsuli, nenda kasali Magharibi, ukirudi ndiyo ukae kwenye futari.

Ranitidini bado inaulizwa na watu wazima. Ilisifika tangu miaka ya 1980, mpaka ikagundulika inaweza kuzalisha kemikali inayohofiwa kuleta saratani, na Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka iondolewe yote sokoni. Aliye nayo kabatini nyumbani asiitumie.

Kinachonichosha zaidi ni majibu ya "bakteria wa tumbo". Barry Marshall, daktari wa Australia, aliwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 kuonyesha kwamba wanaumiza tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobeli. Ugunduzi ni wa kweli. Tatizo ni kipimo cha damu, ambacho kinatafuta askari wa mwili, na askari hao hubaki muda mrefu hata bakteria wakishakufa. Mtu anamaliza dozi, anapima tena damu, anaambiwa bado, anarudia antibiotiki. Namwambia aombe kipimo cha choo, na asitumie omeprazo wiki mbili kabla yake, la sivyo kinaweza kudanganya. Mwenye choo cheusi kama lami, anayetapika damu, anayekonda, au anayesikia ugali unakwama kifuani, huyo simpimii kidonge chochote. Kukwama huko hakupuuzwi: ukanda wetu huu wa mashariki mwa Afrika una saratani ya koo la chakula nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia.

Halafu kuna dawa zinazokutana tumboni. Mjamzito ana kiungulia na ana vidonge vya kuongeza damu vya kliniki. Akivimeza pamoja na magnesiamu, madini ya chuma hayaingii vizuri mwilini, kwa hiyo aviachanishe kwa saa mbili. Anayetumia dolutegravira kwa ajili ya virusi vya UKIMWI aimeze saa mbili kabla ya dawa ya magnesiamu au aluminiamu, ama saa sita baada yake, kwa sababu zikikutana hushikamana na dawa kuu haifiki kwenye damu inavyotakiwa. Sasa nani atanitajia dawa hiyo mbele ya foleni, mama mwenye nyumba wake akiwa nyuma yake? Kwa hiyo simuulizi mtu. Namwambia kila anayenunua, kijana au bibi, mwenye virusi na asiye navyo: dawa yako ya kila siku, yoyote ile, itangulie saa mbili. Nayaandika hayo kwenye bahasha kwa kalamu nene. Wengine huona nawapotezea muda.