Vipepeo Vinane

Injini ya V8 ni injini mbili za silinda nne zilizofungwa kwenye shafti moja. Zinakunywa petroli moja na kusikiliza mguu mmoja wa dereva, lakini kila upande unavuta hewa yake. Toyota walipotoa 1UZ, ile V8 ya lita 4 iliyokuja ndani ya Lexus LS400 mwaka 1989, walimaliza maneno kwa kuweka mlango mmoja tu wa hewa, halafu hewa ikagawanywa huko ndani kwa silinda zote nane. Mlango mmoja hauna wa kugombana naye. Mteja wa mjomba wangu hakutaka mlango mmoja. Alitaka minane, kila silinda na wake.

Alikuwa na gari la autocross na boksi la vipepeo vilivyotolewa kwenye pikipiki mbili kubwa, vinne vinne. Kipepeo, kwa asiyejua, ni kile kisahani kinachokaa katikati ya bomba la hewa. Ukikanyaga mafuta kinageuka na hewa inapita. Gereji mbili zilikuwa zimeshashindwa naye. Alilipa nusu, akasema nusu nyingine tutaiona siku gari litakapotulia, likiwa baridi na likiwa moto. Ile nusu ya kwanza ilikuwa imeshakwenda kwa kodi ya gereji kabla hatujafungua boneti.

Mjomba alijifunza kazi hii enzi za karabureta mbili mbili, wakati Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, bado ilikuwa ndoto ya kila fundi Nairobi. Kulinganisha karabureta kwake ni kazi ya mpira: ncha moja kwenye sikio, nyingine kwenye mdomo wa hewa. Unasikiliza mvumo huu, unasikiliza ule, unageuza skrubu mpaka ifanane. Amefanya hivyo karibu miaka hamsini. Kwa miaka hiyohiyo amesimama kando ya grainda bila kuziba masikio.

Swali la kwanza lilikuwa jinsi ya kuunganisha pande mbili. Mjomba alitaka fimbo moja: kebo inavuta wenzo wa kushoto, na fimbo inatoka kushoto hadi kulia. “Boljointi mbili, basi. Kitu kidogo hakiharibiki.” Na kweli, nyenzo mbili za urefu sawa, zikikaa sambamba, fimbo nayo ikiwa na urefu sawa na umbali kati ya shafti, zitageuka sawasawa kila hatua. Hesabu haina ubishi. Mteja naye alitaka vipepeo vitazamane kama mtu na kioo, nozeli zote zikae nje, apige picha. Hapo tulikataa pamoja. Ukivigeuza vitazamane, upande mmoja unazunguka kinyume cha mwingine, na sasa unahitaji gia, na gia ina plei kwenye meno. Picha haimalizi raundi hata moja.

Tukafunga fimbo ya mjomba. Injini ikiwa moto, ilikuwa tamu. Asubuhi, ikiwa baridi, ilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

Nilikaa na kalamu usiku mmoja. Kati ya shafti na shafti kulikuwa na milimita 260, na injini hiyo ni aluminiamu tupu. Ikipata joto, tuseme nyuzi 70 zaidi ya asubuhi, umbali huo unaongezeka kama milimita 0.4. Fimbo ya chuma, hata ikipata joto lilelile, inarefuka nusu tu ya hapo. Tofauti ni milimita 0.2, unene wa karatasi mbili. Lakini kwenye wenzo wa milimita 30, hizo 0.2 ni karibu digrii 0.4, na wa kulia peke yake ndiye anayezibeba.

Digrii 0.4 ni nini? Inategemea uko wapi. Kipepeo kikiwa kimefunguka digrii 60, ukiongeza digrii moja nafasi ya hewa inakua kwa asilimia 3, hakuna atakayejua. Kikiwa kimefunguka digrii 5, pale injini inapozunguka bila kukanyagwa, digrii moja hiyohiyo inaongeza zaidi ya asilimia 40. Robo tatu ya shida za kazi hii zinaishi pale chini, mahali ambapo dereva hafanyi chochote.

Nikachora kitu kingine. Katikati ya V, juu ya manifoldi, wenzo wenye mikono miwili, mmoja juu, mmoja chini. Wa juu unashika fimbo ya kulia, wa chini fimbo ya kushoto. Ukiuzungusha mchoro wote nusu duara, unapata mchoro uleule. Injini ikitanuka, inasukuma kulia na kushoto kwa kipimo kimoja, na vipepeo vyote vinasogea pamoja. Kosa halijaondoka. Limegawanywa sawa, na hilo skrubu moja inaliweza.

“Boljointi nne,” mjomba akasema. “Plei mara mbili.”

Alikuwa sahihi, na ndiye aliyeleta dawa: springi mbili, moja kila upande, zinazovuta kufunga muda wote. Plei inabaki, ila imeegemea upande mmoja daima. Na fimbo ikikatika kwenye kona, upande ule unajifunga wenyewe badala ya kubaki wazi na mtu ndani ya gari.

Fundi wa kukereza alitutolea wenzo kwa siku mbili. Tukaufunga. Mjomba akachukua mpira wake, akasikiliza upande wa kushoto, akasikiliza wa kulia, akarudi kushoto. Akahamisha mpira kutoka sikio moja hadi jingine. Kisha akaninyoshea.

“Mpwa, hebu wewe. Unasikia aje?”

Sijawahi kusikia swali hilo kutoka kwake. Sikusema kitu. Jioni nilinunua mita nne za mpira wa kuonyesha ndani, nikaukunja kama U kwenye ubao, nikatia mafuta mekundu ya gia. Ncha moja kwenye mvuto wa kushoto, nyingine kulia. Upande unaovuta zaidi unapandisha mafuta. Asubuhi tuliliwasha saa kumi na mbili, baridi ya Julai, mafuta yakakaa karibu sawa. Feni ilipoingia, tofauti haikufika upana wa kidole.

Mjomba aliutazama ubao kwa muda mrefu. Halafu akaokota mpira wake wa zamani, akauweka sikio la kulia, akapita mdomo mmoja mmoja, yote minane, bila haraka. Ubao ule unapima pande, haupimi silinda. Kwenye namba sita akasimama.

“Huyu anavuta pembeni. Chini, si juu.”

Nikaingiza mkono chini ya manifoldi. Bolti ya nyuma ilikuwa imelegea. Nikaenda kutafuta spana namba 12.