Sehemu ya 7: Bibi alipoacha kazi ili mama aende kazini



Tangu niandike kuhusu kurudi kazini baada ya uzazi, mmenijazia inboksi na swali lilelile: "Dada nesi, niache kazi nilee, au nitafute dada wa kazi?" Leo nawapeleka Jamaika kwanza. Msishangae. Hapa Birmingham ninapofanya kazi wodi ya wazazi Wajamaika ni wengi, kuna familia ziko hapa kizazi cha tatu, na mwenzangu wa zamu za usiku ni wa huko. Saa tisa usiku wodi ikitulia, tunaongea habari za watoto.

Jamaika ina sifa ambayo wengi hatuijui. Mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu wanawake wanaoshika nafasi za umeneja. Katika nchi zote zilizokuwa na takwimu, Jamaika ilikuwa ya kwanza: zaidi ya mameneja 59 katika kila 100 walikuwa wanawake. Wala si jambo la kushangaza ukijua historia yao. Enzi za utumwa wanawake walilima miwa sawa na wanaume, na baada ya uhuru kamili wa mwaka 1838 wao ndio walioshika masoko, wanashuka na mazao kutoka milimani. Mama wa kukaa tu nyumbani hakuwahi kuwa desturi yao kama watu wanavyofikiri. Hata leo karibu wanawake 6 katika kila 10 wenye umri wa kazi wako kwenye nguvu kazi, wanaume ni kama 7.

Na ajira zimepanda kweli. Julai 2020, korona ilipofunga hoteli, wasio na ajira walifika asilimia 12.6. Tangu 2023 wako chini ya asilimia 5. Hoteli zimerudi, na kuna vile vituo vya kupokea simu za wateja wa Marekani, vinaajiri vijana na akina mama kwa maelfu. Serikali inajivunia, na ina haki ya kujivunia.

Sasa hapa mnisikilize vizuri.

Nguvu kazi maana yake ni mtu anayefanya kazi ya kipato au anayeitafuta. Mtakwimu akija nyumbani anauliza: wiki ile ulifanya kazi ya kipato, hata saa 1? Kama hapana, je, ulitafuta? Ukijibu hapana mara mbili, huitwi "asiye na ajira". Unawekwa nje kabisa ya hesabu. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa, akafua, akapika, akampeleka mwingine shule, yuko nje ya nguvu kazi. Asilimia ya wasio na ajira inaweza kushuka vizuri tu huku wanawake kama huyu wakiongezeka, kwa sababu yeye hayumo humo.

Mwenzangu alipopata kazi huku, mtoto wake wa kike alikuwa na miaka 4. Akamwacha kwa mama yake. Bibi yule alikuwa na miaka 52, mpishi wa hoteli Montego Bay, nguvu zote anazo. Zamu ya hoteli inaanza alfajiri, shule inafunguliwa baadaye, na mjukuu hana wa kumwandaa. Miezi michache tu, bibi akaacha kazi. Hakufukuzwa, wala hakutafuta nyingine. Kwa hiyo Jamaika ilipoteza wafanyakazi wawili, nesi mmoja na mpishi mmoja, na asilimia ya wasio na ajira haikuona kitu.

Pesa zilikuwa zinakwenda kila mwezi. Na pipa: lile pipa kubwa linalosafirishwa kwa meli, ndani mchele, sabuni, viatu, sare za shule. Huko wana jina la watoto wanaolelewa hivyo, watoto wa pipa. Mwenzangu analisema neno hilo huku anakunja gloves zake taratibu, na mimi sijawahi kumuuliza zaidi ya anavyotaka kusema.

Sheria yao ya uzazi ni ya mwaka 1979: wiki 12 za likizo, ila zenye malipo ni 8, na uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo mwaka mzima. Kwetu Tanzania ni siku 84 (pacha 100) zote na malipo, baba siku 3. Januari 2023 watumishi wa serikali ya Jamaika waliongezewa siku za mama, na baba akapewa siku 20 za kazi. Ishirini! Wale wa sekta binafsi na wauzaji wa sokoni hawakuguswa na hilo. Kama nesi nawaambia, wiki 8 ni pale maziwa yametulia na mtoto ndiyo kwanza anaanza kukutabasamia, na tunasema maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Fanyeni wenyewe hesabu hiyo.

Kwa hiyo mama unayeniuliza uache au usiache: kabla hujaangalia mshahara wako, kaa na karatasi uandike ni nani atakayeacha kazi yake ili wewe uendelee na yako. Mama yako ana genge? Mdogo wako anasoma? Yule dada wa kazi amewaacha wake kijijini kwa nani? Mtaje mtu kwa jina, na uandike anapoteza shilingi ngapi kwa mwezi. Halafu ongea naye, na baba wa mtoto akae hapohapo asikie.

Yule mtoto alikuja Birmingham akiwa na miaka 11. Bibi akarudi hotelini kuomba kazi, wakamwambia wanachukua vijana. Sasa anauza keki za nazi mlangoni kwake, asubuhi na jioni. Kwa takwimu, amerudi kwenye nguvu kazi.

Sehemu ya 8, Jumapili: kukamua maziwa ukiwa zamu, na yanakaa muda gani bila friji. Leteni maswali mapema.